Maji Hayana Rangi

Ntumba, mama yangu,

Mambo ya sabuni, ya shuka la pili, ya kutopanda taksi-moto giza likishaingia na ya kumsalimia jirani wa tantine yako Odia hata kama haitikii, nimekwisha kuyasema mpaka baba yako akaongeza sauti ya redio. Siyarudii hapa. Uliyasikia yote ukiwa umenigeuzia mgongo, unakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Sasa hivi umekwenda Musonoi kuwaaga watu wa upande wa baba yako. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, jua la mchana bado linachoma mapaa ya mtaa wetu wa Kapata, na kwa mara ya kwanza leo hakuna anayeniita. Naandika kwa sababu tangu likizo ianze mimi na wewe tumebaki na maneno ya jikoni tu: leta chumvi, teka maji, funga mlango. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kwako nausikia hata ukiwa haupo nyumbani. Kesho unapanda basi kwenda Likasi kuanza humanités, miaka ile minne ya shule kubwa. Unakwenda ukiwa umeandikishwa Pédagogie, sehemu ya ualimu, na wewe uliomba Chimie, yaani kemia. Aliyekuandikisha kwa nguvu ni mimi, tena kwa simu, kupitia dada yangu Odia, bila kukuuliza.

Kabla sijafika huko, niache kwanza niisifu sehemu yangu. Umeninyima nafasi hiyo likizo nzima.

Nilipoingia Pédagogie nilikuwa na umri kama wako na miguu myembamba kuliko yako. Babu yako, aliyeletwa huku kutoka Kasai na wazazi wake waliokuja kufanya kazi ya mgodi, alisema mbele ya wageni kwamba binti yake Mujinga atakuwa Madame, mwalimu wa shule. Katika mitaa yetu ya wafanyakazi, Madame alikuwa mtu. Akipita, wanaume waliokaa nje walivuta miguu ndani. Watoto walificha mikono michafu mgongoni. Mimi nilitaka hivyo tu, wanaume wavute miguu nikipita. Mambo ya kupenda watoto yalikuja baadaye sana.

Somo la kwanza lililonitoa jasho lilikuwa kuandika ubaoni. Unacheka, lakini tulijifunza kwa muhula mzima. Ubao mweusi, hauna mistari, na wewe unatakiwa uandike sentensi ndefu isipande mlimani wala isishuke bondeni. Mwalimu wetu alisimama mlangoni na kutuambia tutembee pamoja na herufi, tusisimame mahali pamoja na kuurefusha mkono kama mtu anayeiba embe. Tulitembea ubavu-ubavu, darasa zima la wasichana wenye unga wa chaki mpaka kwenye nyusi. Tazama barua hii. Karatasi haina mistari, na bado hakuna sentensi iliyoanguka.

Tulikuwa na saikolojia. Nilikariri hatua zote za ukuaji wa mtoto, na nikiamshwa usingizini ningeweza kuzitaja. Kisha kaka yako akazaliwa, akalia tangu asubuhi mpaka jua kutua, na hakuna hatua hata moja niliyokariri iliyomnyamazisha. Bibi yako, ambaye wewe umebeba jina lake, alimchukua tu akamfunga mgongoni mwake. Alinitazama na ile saikolojia yangu, akaendelea kutwanga.

Jiografia niliipenda mno. Tulifundishwa kuchora mto Lualaba kwa mkono huru, bila kuangalia kitabu, tangu unapoanza huku kwetu mpaka unapogeuka na kubadilishwa jina. Wengi wetu tulikuwa hatujauona zaidi ya pale penye bwawa la Nzilo. Siku mwalimu aliposema kwamba ule mto mkubwa unaoingia baharini, ambao kila mtu duniani anaujua, ni huu huu wetu uliokua, nilirudi nyumbani nimeinua kichwa. Nilimwambia bibi yako. Akasema, "Kumbe. Na iko inapita hapa bila kutusalimia." Nilicheka, lakini usiku nililala nikiuchora hewani kwa kidole.

Nayakumbuka hata masomo ya bure. Muziki bila chombo: tulipiga meza na kuimba do-re-mi mpaka darasa la jirani likatuma mtu kulalamika. Nakumbuka harufu ya lile darasa asubuhi, vumbi lililomwagiwa maji, mafuta ya nywele, na mkate ambao mtu aliuficha kwenye dawati. Ningeweza kurudi siku moja tu, Ntumba, ningekubali hata kurudia mtihani wa hesabu.

Chimie pia tulikuwa nayo, kidogo, mara moja kwa juma. Hatukuwa na maabara. Mwalimu wetu alichora chupa nyembamba ya kioo ubaoni, akachora moto chini yake, akasubiri. "Muangalie," akasema, "inaanza kupata moto." Tukaangalia. Akafuta yale maji ya chaki nyeupe, akachukua chaki ya buluu, akayachora upya. "Munaona? Rangi imegeuka." Sote tukaitikia, "Ndiyo, Monsieur." Na njia yetu ya kwenda shule ilikuwa imejaa mawe ya kijani ya shaba, tuliyapiga teke tangu nyumbani mpaka getini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuingiza moja darasani. Hata Monsieur hakuwaza. Jiwe lilikuwa la nje, somo lilikuwa la ndani.

Sasa nifike kwenye hadithi unayoijua.

Mwaka wa mwisho, sisi wa Pédagogie hatufanyi mtihani wa karatasi peke yake. Lazima usimame mbele ya watoto wa shule ya msingi, watoto wa kweli, na kufundisha somo moja, huku wakubwa wa juri wamekaa nyuma wanakupima. Unakuwa umeandika maandalizi yako hatua kwa hatua: utauliza nini, na watoto watajibu nini. Ndiyo, na majibu ya watoto unayaandika wewe, siku moja kabla. Nilikuwa sijaona ubaya wowote katika jambo hilo.

Mimi nilipewa sifa za maji, katika shule moja ya Musonoi. Nilichemsha maji, nikayachuja kwa kitambaa cheupe cha bibi yako, nikayatia katika chupa mpaka yakang'aa. Asubuhi mjomba wangu akanibeba kwa baiskeli, chupa mkononi, na pale penye mfereji gurudumu likaruka, chupa ikavunjika. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilifika nikiwa na kizibo tu. Juri walikuwa wameshakaa. Nikakimbilia pipa la shule, ambalo lilijazwa kutoka kisimani, na mvua zilikuwa zimepiga siku nyingi. Nikachota glasi moja. Yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea.

Nilijiambia watoto hawataangalia sana.

Nikainua glasi. "Nina nini mkononi?" Glasi, Madame! "Na ndani yake?" Maji, Madame! Vizuri kabisa, kama nilivyoandika. "Maji yana rangi gani?"

Watoto wanatazamana. Kisha kasichana kamoja ka mbele, nywele zake zimefumuliwa upande mmoja tu, kakanyoosha vidole viwili juu kana kwamba kanataka kuning'inia kwenye dari.

"Madame! Iko rangi ya udongo!"

Wengine wakafunguka. "Iko nyekundu, Madame!" "Apana, iko sawa chai!" "Chai bila maziwa!"

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kwenye maandalizi yangu jibu la watoto lilikuwa limeshaandikwa: maji hayana rangi. Mbele yangu watoto wananiambia ukweli, nyuma yao juri wameinua macho, na mimi jasho linateremka mpaka viatuni. Nikasema, "Hapana. Angalieni vizuri." Wakaangalia vizuri, maskini, shingo zimerefuka. Wakasema tena nyekundu, sasa kwa sauti ndogo. Nikasema hapana tena. Mara ya tatu wakaelewa ninachotaka. Watoto wana akili, wanajua mtu mzima anataka kusikia nini. Nikawaanzishia, wakaitikia darasa zima, kwa Kifaransa, mara nyingi, kwa wimbo ule ule wa kukariri: maji hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Mbele ya glasi ya chai. Na kale kasichana nako kakaimba, macho chini.

Mkubwa wa juri alinishika mkono. Alisema somo limekaa vizuri vichwani mwa watoto. Nilipata alama za juu kuliko wote wa darasa letu.

Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sikukuu, na kila mara watu wanashika mbavu. Baba yako akitaka kunichokoza, ananiletea chai na kusema, "Madame, maji yako hii." Nimezeeka nayo kama kichekesho changu.

Mtu mmoja tu hakucheka, na unamjua. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, umekaa chini unachambua mchele. Ulinisubiri nimalize, watu wamalize kucheka, ukaniuliza, "Lakini mama, ndani ya ile mayi mulikuwa nini?"

"Udongo," nikakujibu.

"Udongo gani?"

"Enda ukalale, Ntumba."

Nilikufukuza kwa sababu sikujua. Nimefundisha sifa za maji kila mwaka tangu niajiriwe, na unajua ninavyofanya? Nanunua chupa iliyofungwa dukani ili mabishano yasitokee. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kusema nyekundu tena.

Basi ulipokuja mwanzoni mwa likizo, mimi nimeshika mwiko wa kusongea bukari, ukasimama mlangoni na kusema, "Mama, mi nataka kufanya Chimie," mimi nilisikia nini? Nilisikia lile swali lako la mchele limekua limeota miguu. Nikakurushia kejeli. "Chimie? Na mikono ile unaunguza kila siku na chungu ya bukari?" Ukanijibu bila kupandisha sauti kwamba hiyo ndiyo sababu, "Njo juu ya ile nataka kujifunza, mama." Hapo ungenitukana ingekuwa nafuu. Ningejua la kusema.

Nilikwambia mengi siku zile. Kwamba mwalimu anakula popote, hata kijijini ambako hakuna kiwanda. Kwamba utakuwa msichana peke yako kati ya wavulana na moshi wa asidi. Kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zako zimesukwa kwa ualimu. Kwamba utakuja kuchoka. Sikusema uongo katika hayo, ila sikusema ukweli wenyewe. Nausema sasa, maana utakapousoma utakuwa umekaa kwenye kiti chako cha basi na huwezi kunikatiza. Niliogopa. Tangu ulipoanza kuandika herufi, mimi ndiye ninayesahihisha kazi zako. Kalamu nyekundu ya nyumba hii ni yangu. Ukienda Pédagogie, nitaendelea kuelewa kila unachoandika mpaka nife. Ukienda Chimie, baada ya mwaka mmoja utaniletea ukurasa na nitaugeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mkia wa chura. Niliona ninakupoteza, Ntumba. Wala si kwa Likasi, ni kwa lile daftari.

Baba yako aliniona mapema. Unamjua, Kalonji hasemi, anafungua boneti za magari tu. Jioni moja alikuwa anaosha mafuta mikononi, akaniambia bila hata kunitazama, "Batoto ya bengine unabafundisha kusema. Wa kwako unamufunga kinywa." Sikumpa chakula cha moto siku hiyo. Alikula bukari baridi na akasema ahsante. Mtu huyo anaudhi sana akiwa na haki.

Lakini hata hilo halikunigeuza. Kilichonigeuza ni jana.

Kina mama wa jirani walikuja kukuaga. Ulileta viti, ukawapa maji, ukasimama ukikunja kitambaa mikononi. Mmoja akakuuliza, kwa wema tu, "Sasa kule Likasi utasoma nini, mutoto yetu?"

Ukasema, "Pédagogie."

Ukalisema macho chini, sauti ile ile, wimbo ule ule. Kina mama wale wakapiga vigelegele, wakasema Madame amezaa Madame. Na mimi nilikuwa nimeshika sinia nikaliweka chini, maana sauti ile naijua. Nimeitengeneza mwenyewe mara nyingi sana darasani, nikaipa alama. Sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu, kutoka kinywani mwako, wewe uliyenibishia hata jina la mwezi. Wageni walipoondoka niliingia chumbani nikalia nimefunika uso kwa mto wa kitanda. Ukasikia ukadhani nalia kwa sababu unaondoka. Ulisimama mlangoni kidogo, kisha ukaenda zako.

Leo asubuhi nilimpigia tantine yako. Odia alianza kunicheka, kisha akavaa viatu akaenda shuleni kumwona prefe, mkuu wa shule. Amenipigia tena saa sita. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo la muhimu. Prefe amekubali jina lako liondolewe Pédagogie, lakini nafasi za Chimie zimebaki chache na wanaozitaka ni wengi. Jumatatu watawapa mtihani wa hesabu na wa sayansi. Ukishinda, unaingia Chimie. Ukishindwa, nafasi ya Pédagogie utakuta bado ipo, na utalivaa vazi hilo kama nilivyolivaa mimi, na hakuna atakayekucheka.

Sikuwahi kukuambia jambo hili mapema ili ujiandae, na hiyo nayo ni kazi yangu mbaya. Umebaki na siku mbili tu. Vitabu vya kaka yako vya hesabu nimevitia chini ya begi, chini ya shuka. Usikasirike kwamba begi ni zito. Mimi huko siwezi kukusaidia. Nilipokuwa navitia nilifungua ukurasa mmoja nikaufunga.

Na nikuambie yote. Kuna upande wa moyo wangu unaotamani ushindwe Jumatatu. Ni mdogo, lakini upo, unakaa pale kama mgeni asiyeaga. Nakuambia ili ujue mama uliye naye, na ili, ukishinda, usije ukadhani ilikuwa rahisi kwangu kushangilia. Nitashangilia. Nitashangilia mpaka Kapata nzima iulize kuna nini. Ila nitakuwa nalia pia, na wewe utaacha nilie.

Mimi siachi kazi yangu, wala siionei haya. Pédagogie ilinipa mwandiko ulionyooka, ikanipa mto Lualaba, ikanipa watoto wengi wa watu ambao sasa ni wazima wananisimamisha sokoni kunishika mikono. Kitu kimoja haikunifundisha, au ilinifundisha nikakataa kusikia: mtoto akisema nyekundu, shuka umwendee, uangalie naye ndani ya glasi. Ningeshuka siku ile, labda ningepoteza alama. Sijui. Ila ningejua kuifanya kazi hiyo nyumbani ulipokuja kwenye mlango wa jikoni.

Nasikia geti. Umerudi. Umepita pembeni yangu, umevua viatu, hukunisalimia. Haki yako, mama, kwa leo haki yako. Naiona shingo yako, umeegemea fremu ya mlango unakunywa maji, na ninaweza kusimama sasa hivi, hatua chache tu, nikakuambia yote haya kwa mdomo. Sifanyi hivyo. Barua hii nitakupa kesho kwenye basi, dirishani, injini ikiwa imeshawaka. Ukiisoma leo hapa nyumbani utakuja kunikumbatia, na ukinikumbatia leo, Ntumba, sitakuachia uende.

Mujinga, mama yako